Kupima chuma cha moyo na ini kwa MRI: mwongozo wa anayeongezewa damu mara kwa mara

Anayeongezewa damu kila baada ya wiki tatu au nne huhesabu mambo mengi: chupa alizopata, tarehe ya kurudi kliniki, nauli, siku za shule zilizopotea. Chuma hakihesabu, maana hakionekani. Kila chupa ya seli nyekundu huja na miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa. Kinachopotea kwa siku, kupitia ngozi na utumbo, ni miligramu moja au mbili tu. Mtu mzima mwenye afya ana gramu tatu hadi nne za chuma mwili mzima. Piga hesabu mwenyewe: chupa ishirini zimemwongezea mgonjwa kiasi kingine kama hicho juu ya alichokuwa nacho.

Mwongozo huu ni wa watu hao na wanaowauguza: wenye thalasemia (ugonjwa wa kurithi ambapo mwili hautengenezi damu ipasavyo), wenye selimundu walio kwenye mpango wa kudumu wa damu, na wengine ambao uboho wao umeshindwa kutengeneza damu ya kutosha. Unahusu kipimo kimoja cha MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kiitwacho T2*, tunachokisoma "T2 nyota". Hatua ya tano nimeiandika kwa ajili ya madaktari vijana na mafundi wa mashine. Mgonjwa anaweza kuiruka, ingawa hesabu yake ni ya darasa la saba.

Kwanza, kipimo chenyewe

MRI ya kawaida hutoa picha, na daktari huitazama akasema anaona au haoni kitu. Hii ya T2* inatoa namba.

Katika shule nyingi za kwetu kengele ni rimu la gari lililoning'inizwa mtini. Ligonge: mlio unavuma, kisha unafifia polepole. Ligonge tena huku mwenzako amelishika kwa mkono: mlio unakatika papo hapo. Mashine ya MRI hufanya kitu kinachofanana na hicho. Inaigonga haidrojeni iliyomo kwenye maji ya mwili kwa mawimbi ya redio, halafu inasikiliza inavyofifia. Chuma kilichojazana ndani ya seli ndicho mkono ulioshika rimu. T2* ni muda wa kufifia huko, unaopimwa kwa milisekunde. Chuma kikizidi, muda unafupika.

Mwaka 2001 watafiti wa hospitali ya Royal Brompton mjini London, Dudley Pennell akiwa miongoni mwao, walionyesha jambo lililowashtua wengi: chuma cha ini na chuma cha moyo haviendi pamoja. Mgonjwa anaweza kuwa na ini safi na moyo uliojaa. Kabla ya hapo daktari alipima feritini, protini inayohifadhi chuma, kwenye damu, au akakata kinyama cha ini kwa sindano, kisha akakisia hali ya moyo. Wakati huo kilichokuwa kikiwaua wengi wa wenye thalasemia ni moyo. Uchunguzi uliofanywa baadaye Uingereza ulikuta kwamba vifo vya thalasemia vitokanavyo na chuma vilipungua kwa asilimia 71 baada ya mwaka 1999. Dawa nazo zilikuwa zimeongezeka kipindi hicho, kwa hiyo sifa zote tusiipe mashine. Mashine ilichofanya ni kuwaonyesha madaktari nani wa kuwahiwa.

Hatua ya 1: Jua kama kweli unakihitaji

Wenye thalasemia wanaoongezewa damu tangu utotoni hupimwa moyo kwa mara ya kwanza wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 10, au mapema zaidi ikiwa dawa za kuondoa chuma hazikunywewa ipasavyo. Kuanzia hapo kipimo kinakuwa sehemu ya maisha.

Kwa selimundu ni habari nyingine, na hapa nitasema bila kuzunguka. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Wengi wao hawahitaji kipimo hiki. Mtoto aliyewahi kupata chupa mbili tatu wakati wa malaria au upungufu mkali wa damu hana sababu ya kupangiwa T2*. Gharama ni kubwa na foleni ni ndefu. Wanaokihitaji ni wale walio kwenye damu ya kila mwezi, mathalani waliopata kiharusi au walioonekana wako karibu kukipata. Kwao ini ndilo huumia kwanza. Moyo wa mwenye selimundu hujaa chuma mara chache kuliko wa mwenye thalasemia, ila mkishafika kwenye mashine pimeni vyote viwili. Anayebadilishiwa damu, yaani inatolewa yake huku anawekewa nyingine, hukusanya chuma kidogo sana kuliko anayeongezewa tu.

Je, feritini haitoshi? Inasaidia, hasa ukiitazama mwenendo wake kwa miezi mingi. Lakini feritini hupanda kwa malaria, kwa maambukizi yoyote, na kwa maumivu makali ya selimundu. Ukiipima wiki ya homa, inakupa habari ya homa. Ubaya mkubwa zaidi uko upande wa pili: feritini inaweza kuonekana nzuri kabisa huku moyo una mzigo. Na ultrasaundi ya moyo, ile inayoitwa eko, hubaki ya kawaida mpaka mambo yamekwisha kuharibika.

Hatua ya 2: Uliza maswali matatu kabla ya kulipa

Kuwa na mashine ya MRI hakumaanishi kuwa na kipimo hiki. Kabla ya kufunga safari, wewe au daktari wako mpigieni simu msimamizi wa radiolojia.

Swali la kwanza: mashine yenu ni ya tesla ngapi, yaani sumaku yake ina nguvu kiasi gani? Viwango nitakavyovitaja hapa chini ni vya mashine ya tesla 1.5. Kwenye tesla 3 chuma kilekile hutoa T2* fupi kwa karibu nusu, na picha za moyo husumbua zaidi. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua 1.5.

Swali la pili: mna programu ya T2* ya moyo, inayochukua myangwi kadhaa, yaani inayousikiliza mlio mara kadhaa unavyofifia, ndani ya pumzi moja? Wakisema wanayo ya ini tu, hiyo nayo ni faida. Kupima ini ni rahisi kuliko moyo, kwa sababu ini halidundi.

Swali la tatu: nani atakokotoa namba, na kwa fomula gani? Swali hili ndilo husahaulika. Zipo huduma, kama FerriScan ya Australia, ambazo mgonjwa hupigwa picha hapohapo alipo, kisha data hutumwa kwao kukokotolewa. Hiyo hupima ini kwa njia ya jamaa ya T2*, inayoitwa R2.

Ndugu zetu walioko Oman, nchi yenye thalasemia na selimundu zote mbili, wako mbele katika hili. Sultan Qaboos University Hospital ya Muscat imekuwa ikitumia T2* kwa wagonjwa wake wa thalasemia kwa miaka mingi. Kama una jamaa huko anayetibiwa, muulize namba yake ya mwisho ilikuwa ngapi. Huenda akakujibu bila kufungua faili.

Pasipo na mashine kabisa, usikate tamaa wala usiache dawa. Feritini ya kila miezi mitatu, ikipimwa siku ambazo mgonjwa hana homa, pamoja na hesabu ya chupa, bado ni dira.

Hatua ya 3: Maandalizi

Taja chuma chochote kilichomo mwilini: betri ya moyo, klipu za upasuaji wa kichwa, kipande cha risasi. Wengi wa wagonjwa hawa wana porti, kile kifaa kilichozikwa chini ya ngozi ya kifua kwa ajili ya kuchomea dawa. Porti nyingi hazina shida na MRI, lakini njoo na kadi yake. Pampu ya deferoksamini, dawa ya kuondoa chuma, inabaki nje ya chumba, na ya insulini vilevile. Pini za hijabu, heleni, mkufu, simu, na hirizi ikiwa imefungwa kwa bati, vyote vivuliwe. Wahudumu wameshaziona hirizi nyingi, hakuna atakayekucheka.

Sindano ya gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha, haihitajiki kupima chuma. Ikiwa daktari anaitaka kwa sababu nyingine, picha za T2* zipigwe kwanza, dawa baadaye, kwa kuwa dawa hiyo inavuruga namba.

Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni pumzi. Utaambiwa: vuta, toa, acha kupumua. Hapo ukae sekunde 10 hadi 15 bila kutikisika. Kubana pumzi baada ya kuitoa ni kugumu kuliko baada ya kuivuta, hivyo fanyeni mazoezi nyumbani wiki nzima. Mtoto alale chali, mama au baba ahesabu kwa sauti hadi kumi na tano, mkono ukiwa juu ya tumbo la mtoto ili kuona kama anaiba pumzi. Watoto wadogo wasioweza kutii huhitaji dawa ya usingizi, na ndiyo sababu moja ya kungoja wakue kidogo.

Hatua ya 4: Ndani ya mashine

Utabandikwa nyaya za kufuatilia mapigo ya moyo, utawekewa ubao wa kupokea mawimbi juu ya kifua, utavalishwa vizuia-kelele. Mashine inapiga kelele kama fundi bati. Hakuna mionzi ya eksirei. Kupima chuma cha moyo na ini peke yake huchukua dakika 15 hadi 20. Wakipima na nguvu ya moyo kusukuma damu, inafika dakika 45. Waombe wapime na hiyo nguvu, kwa maana namba mbili zikisomwa pamoja zinasema zaidi.

Hatua ya 5: Namba inavyopatikana

Moyo hukatwa kwa picha mkato mmoja wa kukingama, katikati ya chumba cha kushoto cha chini. Pimia ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini, unene wake wote. Usipimie ukuta wa pembeni. Huko moyo unapakana na hewa ya mapafu na mishipa mikubwa ya kurudisha damu, na vyote hivyo hukatisha mlio hata pasipo na chuma. Daktari aliyepima ukuta wa pembeni anaweza kumtangazia mtu msiba usiokuwepo.

Programu huchora mstari wa kufifia kupitia myangwi kama minane. Lakini unaweza kuikagua kwa kikokotoo cha simu. Tafuta inachukua milisekunde ngapi nguvu ya mlio kushuka hadi nusu, kisha gawanya kwa 0.693. Nguvu hiyo huonekana kwenye picha kama mwanga. Tuseme kwenye milisekunde 2.5 mwanga wa ukuta ni 320, na kwenye 12.5 ni 160. Umeshuka nusu ndani ya milisekunde 10. Kumi ukigawanya kwa 0.693 ni 14.4. Programu ikikuletea 25 kwa picha hizohizo, rudi ukaangalie mduara wa eneo unalopimia uliuchora wapi.

Mtego mkubwa uko kwenye myangwi ya mwisho. Chuma kikiwa kingi, mlio huzimika mapema, na baada ya hapo mashine inasikia upepo tu, yaani kelele zake yenyewe. Ukiziingiza kelele hizo kwenye hesabu, mstari unalala, T2* inarefuka, na mgonjwa aliye taabani anaonekana ana nafuu. Ikate ile myangwi ya mwisho, au utumie hesabu inayoipunguza kelele. Kwenye ini lililojaa sana mwangwi wa kwanza uwe karibu na milisekunde 1. Ukichelewa, hutakuta kitu cha kusikiliza.

Hatua ya 6: Soma jibu

Usikubali kutoka na neno "sawa" au "kimezidi kidogo". Omba namba.

Kwa moyo, tesla 1.5: juu ya milisekunde 20 hakuna mzigo wa kutisha. Kati ya 10 na 20 chuma kimeingia na dawa zitazamwe upya. Chini ya 10 ni hatari, hata kama mgonjwa jana alicheza mpira. Katika utafiti wa mwaka 2009 uliofuatilia wenye thalasemia 652, asilimia 98 ya wale ambao moyo ulishindwa ndani ya mwaka mmoja walikuwa na T2* chini ya 10 kabla ya hapo. Kwa waliokuwa chini ya 6, karibu nusu walifikwa na hali hiyo ndani ya mwaka.

Angalia pia kwamba ngazi hii haina vidato vinavyolingana. Kushuka kutoka 40 hadi 30 si habari. Kushuka kutoka 12 hadi 9 ni habari nzito. Ndiyo maana baadhi ya ripoti hutumia R2*, inayopatikana kwa kugawanya 1000 kwa T2*. Milisekunde 20 ni R2* ya 50, 10 ni 100, na 5 ni 200. Kwa R2*, namba ikipanda chuma kimepanda, na kinapanda kwa hatua zinazoeleweka. Kwa wanaotaka chuma chenyewe, milisekunde 20 ni kama miligramu 1.16 kwa kila gramu ya nyama kavu ya moyo, na 10 ni kama 2.7.

Ini husomwa kwa miligramu za chuma kwa gramu ya ini kavu. Hadi 1.8 ni kawaida. Kati ya 3 na 7 ni mzigo mdogo, 7 hadi 15 wa kati, na juu ya 15 ni mkubwa. Ripoti nyingine hutumia maikromoli: miligramu 1 kwa gramu ni maikromoli 17.9 kwa gramu. Nawajua waliolia kwa kuona 90 kwenye karatasi, kumbe ni miligramu 5.

Sasa lile swali la fomula. Chukua ini lenye T2* ya milisekunde 4, yaani R2* ya 250. Kwa fomula iliyochapishwa Marekani mwaka 2005 na John Wood na wenzake, chuma ni miligramu 6.6. Kwa ile iliyotoka London mwaka 2014, ni 7.8. Ini ni lilelile, siku ni ileile, ila moja inakuweka kwenye mzigo mdogo na nyingine kwenye wa kati. Zote mbili ni kazi za heshima. Kosa ni kupimwa kwa moja mwaka huu na kwa nyingine mwaka ujao, halafu dozi ikabadilishwa kwa sababu ya tofauti iliyotoka kwenye kikokotoo. Ukiwa na R2* yenyewe mkononi, daktari yeyote anaweza kuikokotoa upya.

Na yule aliyepimwa kwa tesla 3 akapata moyo 12? Asikimbie. Ukiihamishia kwenye tesla 1.5 ni karibu na 20.

Jibu linalowachanganya wengi ni hili: ini limesafika, feritini imeshuka, familia inafurahi, na moyo bado uko 9. Hakuna aliyekosea. Ini huachia chuma kwa miezi, moyo huchukua miaka. Kuacha dawa hapo kwa kuwa "damu imekuwa nzuri" ndiyo hatari yenyewe.

Hatua ya 7: Kinachofuata

Dozi ni kazi ya daktari wa damu, lakini ujue anachofikiria. Moyo ukiwa chini ya 10, kwa kawaida tiba huongezewa nguvu kwa kuunganisha dawa mbili, deferoksamini ya kuchoma polepole na deferiproni ya vidonge, kwa kuwa muungano huo umeonekana kuusafisha moyo vizuri. Deferiproni hugeuza mkojo kuwa mwekundu-kahawia; hiyo si damu. Lakini inaweza kushusha chembe nyeupe ghafla, kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara, na homa yoyote ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Anayetumia deferasiroksi, dawa nyingine ya kuondoa chuma, huangaliwa figo na ini. Chuma kikishuka sana dozi nayo hupunguzwa. Deferoksamini nyingi kwa mtu mwenye chuma kidogo huweza kudhuru masikio na macho.

Vitamini C ya vidonge usinywe kwa kujiamulia. Ikizidi, inakitoa chuma kilikojificha na kukisukumia moyoni. Mchicha, kwa upande mwingine, umeonewa mno. Kinachofyonzwa kutoka sahani ya mchicha hakifiki hata miligramu moja, wakati chupa ya damu inaleta mia mbili na zaidi. Mpe mtoto mboga yake ale.

Kurudia: moyo juu ya 20, kila baada ya miaka miwili. Kati ya 10 na 20, kila mwaka. Chini ya 10, kila miezi sita.

Hatua ya 8: Daftari

Nunua daftari la kurasa 96, lenye jalada gumu. Kila kipimo mstari mmoja: tarehe, tesla, T2* ya moyo, R2* ya ini, fomula iliyotumika, nguvu ya moyo kwa asilimia, feritini ya mwezi huo, dawa na dozi. Pembeni andika siku ngapi kwa wiki dawa ilinywewa kweli, si zilizoandikwa kwenye cheti. Omba na CD ya picha, uiweke kwenye mfuko wa plastiki mbali na jua. Hospitali ikibadilisha mashine, piga mstari mwekundu chini ya namba ya mwisho, na kipimo kinachofuata ukihesabu kuwa cha kwanza.